Umeongeza swichi na mtandao wa waya unasumbua: anzia kwenye dalili

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina faiba inayoishia sebuleni. Ruta aliyoifunga mtoa huduma ina matundu manne ya waya, na hayakawii kujaa: runinga, kisanduku cha kurekodi kamera, kompyuta, printa. Hapo mtu ananunua swichi ya mtandao, kijisanduku cha kuongeza matundu ya waya, yenye matundu 5 au 8, anachomeka, na mara nyingi inafanya kazi palepale, maana swichi ya kawaida haina cha kusetiwa. Isipofanya kazi, lawama zote huenda kwa swichi. Inarudishwa dukani, inaletwa nyingine, na tatizo linabaki palepale.

Katika malalamiko yanayojirudia, swichi yenyewe inapaswa kuwa ya mwisho kushukiwa. Mara nyingi tatizo liko kwenye kebo, kwenye adapta, au kwenye mahali ilipochomekwa. Ukilijua hilo utaokoa pesa nyingi.

Kabla ya kugusa chochote

Mpangilio sahihi ni huu: faiba inaingia kwenye ruta, kebo moja inatoka kwenye tundu la LAN la ruta, yaani moja ya yale ya kuunganishia vyombo vya ndani, kwenda tundu lolote la swichi, na vyombo vingine vyote vinachomekwa kwenye matundu yaliyobaki ya swichi. Habari za tundu maalumu la kuingilia na kebo iliyopishanishwa nyaya zilikuwa za vifaa vya zamani. Swichi za sasa hujirekebisha zenyewe. Swichi haigawi anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila chombo kwenye mtandao, na haiongezi kasi ya kifurushi chako. Kazi ya kugawa anwani inabaki kwa ruta.

Tafuta kebo fupi ya kiwandani ambayo una uhakika nayo, na laptopu yenye tundu la waya. Ukiwa na testa ya kebo, ile ya bei nafuu yenye taa nane, ni vizuri zaidi. Kisha shika kanuni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, halafu angalia kama kuna kilichobadilika. Anayebadilisha kebo, tundu na adapta kwa pamoja hatajua kipi kilikuwa kibovu, na kile kibovu atakirudisha kwenye droo kikamsumbue mwezi ujao.

Swichi haiwaki taa hata moja

Anza na soketi. Chomeka chaja ya simu palepale uone kama inachaji, kwa sababu ekstensheni zenye vitufe huzimwa na mtu anayepita bila kujua.

Soketi ikiwa nzima, geukia adapta, na hapa nakuomba usome kwa makini. Swichi nyingi ndogo hutumia volti 5 au 9. Ruta nyingi hutumia volti 12. Adapta ya swichi inayolisha kamera umeme inaweza kutoa volti 48 na kuendelea. Pini za adapta hizi mara nyingi zinafanana kabisa, kwa hiyo vyombo vikihamishwa wakati wa usafi ni rahisi zibadilishane. Adapta ya volti 12 ikiingia kwenye swichi ya volti 5 inaweza kuiua papo hapo. Ya volti 5 ikiingia kwenye ruta ya 12, ruta haitawaka, au itawaka na kuzima bila mpangilio.

Soma maandishi madogo ya adapta, kisha soma chini ya swichi. Volti lazima zilingane. Ampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi, zisipungue. Angalia pia mchoro mdogo wa duara unaoonyesha upande wa chanya na wa hasi, nao ufanane. Ukishajua ipi ni ya nani, bandika kipande cha utepe wa gundi kwenye kila adapta na uandike jina la chombo chake.

Ukiwa na multimita, yaani kipimo cha umeme, pima pini ya adapta. Adapta iliyochoka hudanganya: ikiwa haijabeba mzigo inaonyesha volti sahihi, ikichomekwa kwenye swichi volti zinaanguka. Dalili yake ni taa hafifu, au swichi inayowaka vizuri ikiwa tupu na kuanza kujizima kila unapoongeza kebo. Adapta nyingine ya volti zilezile ndiyo kipimo cha kweli.

Simama hapa ukisikia harufu ya kuungua, ukikuta adapta imevimba au imebadilika rangi, au ganda la chuma la swichi likikusisimua mkono. Chomoa. Msisimko huo unaweza kuwa dalili kwamba ethi ya nyumba, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haifanyi kazi, na hiyo ni kazi ya fundi umeme, kwa sababu anayehatarishwa si swichi peke yake.

Swichi inawaka, lakini taa ya tundu moja imezima

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kichwa cha kebo ambacho hakijaingia mpaka mwisho. Kichomeke mpaka usikie kimelia. Kama kile kidole cha plastiki cha kushikilia kimevunjika, kebo itaonekana imekaa lakini itakuwa inaachia kila mlango unapofungwa. Kichwa hicho kibadilishwe. Kukibana kwa karatasi au gundi ni kuahirisha tu.

Halafu hakikisha chombo cha upande wa pili kimewashwa. Runinga nyingi zikizimwa kwa rimoti huzima na tundu la mtandao, kwa hiyo taa kutowaka usiku si ubovu.

Sasa hamisha kebo ileile kwenye tundu lingine la swichi. Taa ikiwaka, tundu la kwanza limekufa. Isipowaka, leta ile kebo fupi ya uhakika na uunganishe chombo hichohicho jirani na swichi. Ikiwaka, kebo ndefu ndiyo mbovu. Ndani ya dakika tano umeshajua pa kwenda.

Kebo ndefu ikiwa na hatia, anzia kwenye ncha zake mbili, kwa sababu kasoro nyingi ziko pale zilipobanwa kwa mkono, si katikati ya ukuta. Kata, panga rangi upya, bana vichwa vipya. Mpangilio unaotumika zaidi ni T568B, na unakwenda hivi, ukikishika kichwa kidole cha plastiki kikiwa upande wa chini na ncha za shaba zikikutazama juu, kutoka kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Ganda la nje la kebo liingie ndani ya kichwa ili libanwe nalo. Nyaya nane zikibaki uchi nje, kuvutwa mara moja kunatosha kuzing'oa.

Kama ndani ya silingi kuna mahali kebo iliungwa kwa kusokota nyaya na kufunga utepe wa umeme, hapo umeshapata. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kupitisha mtandao kwa muda, lakini kikipata unyevu au joto kinakufa. Badilisha kebo nzima. Ikiwa haiwezekani, tumia kisanduku cha kuungia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Intaneti ipo, lakini kasi imeganda kwenye 94 hivi

Lalamiko hili linajirudia sana, na namba yenyewe inakwambia ugonjwa. Umenunua kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde, ukipima kwa waya unapata 93, 94 au 95, hazipandi wala hazishuki. Muunganisho wa megabiti 100, ukitoa gharama za kusafirisha data, hubakiza takribani hizo. Kwa hiyo mahali fulani njiani kuna kiungo kimoja kinachozungumza kwa 100 badala ya 1000. Muunganisho wa gigabiti, yaani huo wa megabiti 1000, unapaswa kukufikisha karibu na 940, kama kifurushi kinaruhusu.

Soma kwanza boksi la swichi. Madukani bado zinauzwa swichi zilizoandikwa 10/100 kando ya zilizoandikwa 10/100/1000, na kwa macho zinafanana. Kama yako ni ya 10/100, haijaharibika. Umefika mwisho wake. Kama kifurushi chako ni megabiti 20 au 50, swichi hiyo haikupunguzii intaneti hata kidogo, na sioni sababu ya kuitupa, isipokuwa unahamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta za ndani.

Pili, angalia ruta. Baadhi ya ruta za faiba zina tundu moja tu la gigabiti, na matatu yaliyobaki ni ya 100. Mara nyingi la gigabiti ni LAN1. Kebo ya kwenda kwenye swichi ndiyo inayobeba mzigo wa vyombo vyote, kwa hiyo ndiyo inayostahili tundu hilo, wala si runinga.

Tatu, angalia chombo unachopimia. Runinga nyingi, hata za bei kubwa, zina tundu la waya la megabiti 100 tu. Ukipima kasi kwenye runinga ukapata 94 wakati laptopu kwenye kebo hiyohiyo inapata 180, hakuna ubovu wowote nyumbani kwako.

Vikishapita vyote hivyo, inabaki kebo. Muunganisho wa megabiti 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane, yaani zile zilizo kwenye nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka zote nane. Waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vya pande mbili vinashindwa kukubaliana kwenye gigabiti na kushuka kimyakimya hadi 100. Intaneti inaendelea, taa inawaka, na hakuna anayejua. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows utaona kasi ya muunganisho imeandikwa 100/100 badala ya 1000/1000. Testa ya taa nane itakuonyesha waya uliokatika mara moja.

Kuna kosa moja ambalo testa hiyo haiwezi kulikamata. Fundi amepanga rangi kwa kufuatana tu: jozi ya chungwa, ya kijani, ya bluu, ya kahawia, na ncha ya pili vivyo hivyo. Testa inawasha moja hadi nane bila dosari. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 zinatakiwa zikaliwe na waya wa jozi moja zilizosokotwa pamoja, na hapa ya 3 imepata nyeupe ya kijani wakati ya 6 imepata bluu. Kusokotwa ndiko kunakozuia jozi moja isiingiliane na nyingine. Kebo fupi iliyopangwa hivyo inaweza kuonekana nzima. Ya mita 30 inaleta kasi ya kusuasua na makosa yasiyoelezeka. Kwa hiyo usiiamini testa peke yake. Tazama rangi kwa macho kupitia plastiki ya kichwa.

Tazama pia kebo imetengenezwa kwa nini. Chukua kipande cha waya mmoja, kiparuze kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikionekana fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, imeenea sana kwenye maboksi ya bei rahisi. Inakatika ukiikunja mara chache, na inapoteza umeme zaidi njiani. Ninakusihi usiipitishe ndani ya ukuta ambao hutaki kuubomoa. Wala usidanganywe na maandishi ya CAT8, daraja la juu la kebo, kwenye kebo bapa ya bei ya soda. CAT5e ya shaba halisi inabeba gigabiti hadi mita 100, na nyumba chache sana zinahitaji zaidi ya hapo.

Taa zinawaka, lakini hakuna intaneti

Fungua kompyuta iliyochomekwa kwenye swichi, andika `ipconfig` kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt), usome anwani ya IP. Jibu lake linaamua njia.

Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Maana yake haifiki kwenye ruta. Mara nyingi ni baada ya umeme kukatika na kurudi: swichi huamka kwa sekunde chache, ruta ya faiba inachukua dakika kadhaa, na kompyuta ikauliza anwani kabla ya ruta kuwa tayari. Chomoa kebo, subiri kidogo, chomeka tena. Ikibaki hivyo, kagua kebo kati ya ruta na swichi. Kisha jaribu tundu lingine la LAN kwenye ruta. Baadhi ya watoa huduma hutenga tundu moja kwa ajili ya huduma ya runinga, na ukichomeka swichi hapo hupati intaneti ingawa taa inapepesa vizuri.

Ikiwa anwani ni ya kawaida, kama 192.168.1.20 au 192.168.100.20, piga `ping`, amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, kwenda kwenye anwani ya ruta, ile iliyoandikwa kama lango (Default Gateway). Ruta ikijibu, waya zako na swichi yako ni nzima, tatizo liko mbele ya ruta. Itazame: taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake mwanga wa faiba haufiki. Hapo acha, mpigie mtoa huduma. Usichomoe ile kebo nyembamba ya faiba wala usiitazame ndani. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru, na vumbi dogo kwenye ncha yake linatosha kukata huduma.

Ikiwa chombo kimoja tu ndicho hakipati, hasa kisanduku cha kamera au printa, huenda kiliandikiwa anwani ya kudumu kwenye nyumba uliyohama. Kinajiita 192.168.1.64 wakati ruta mpya inatumia 192.168.100. Kirudishe kwenye kupokea anwani kutoka kwa ruta.

Sababu adimu, ila inawachosha watu siku nzima: swichi imewekwa kabla ya ruta. Hii hutokea pale kisanduku cha mtoa huduma kinapopitisha tu intaneti bila kugawa anwani, na ruta halisi ni ile uliyonunua mwenyewe. Ukichomeka swichi kati ya hivyo viwili, mtoa huduma anatoa anwani moja, chombo cha kwanza kinaichukua, vingine vyote vinabaki mikono mitupu. Irudishe swichi nyuma ya ruta.

Nyumba nzima imekufa, waifai nayo, na taa za swichi zinapepesa kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu

Kuna mzunguko. Kebo imetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi hiyohiyo au kwenye ruta kwa njia nyingine. Ujumbe wa kutangazia vyombo vyote unazunguka bila kikomo, unajirudufu, na baada ya sekunde chache hakuna nafasi ya kitu kingine. Swichi nyingi za nyumbani hazina kinga ya jambo hili.

Chanzo chake huwa mtu mwema. Anafagia, anaona ncha ya kebo inaning'inia, anaona tundu liko wazi, anachomeka. Au umechomeka kebo mbili kati ya ruta na swichi ukidhani kasi itaongezeka maradufu. Kwa swichi isiyosetiwa haiongezeki, inaua mtandao. Au kisambaza waifai kinaunganishwa na ruta kwa mawimbi na wakati huohuo umekichomekea waya.

Chomoa kebo zote za mtandao kwenye swichi, acha umeme tu. Zima na uwashe ruta. Chomeka kebo ya ruta, subiri dakika moja. Ongeza moja baada ya nyingine, ukisubiri kila mara. Utakayoichomeka taa zikaanza kupepesa kwa pamoja, ifuate mpaka ujue inaishia wapi. Kisha andika lebo kwenye kila ncha, na zile zisizotumika zifungwe juu pasipofikika.

Ulitumia ruta ya zamani badala ya swichi

Ni wazo zuri na halina gharama, lakini ruta inakuja na tabia zake. Ukichomeka kebo kwenye tundu lake la WAN, lile la kuingizia intaneti, intaneti itapita, ila vyombo vilivyo nyuma yake vinakuwa mtandao wa peke yao: simu haioni printa, runinga haioni kompyuta. Ukichomeka kwenye LAN bila kuisetia, inaanza kugawa anwani ikishindana na ruta kuu. Hapo leo chombo hiki kinapata intaneti, kesho hakipati, na kuzima na kuwasha kunaonekana kusaidia kwa saa chache. Thibitisha kwa `ipconfig`: kama lango linaloonyeshwa si anwani ya ruta kuu, wagawaji ni wawili.

Isetie ikiwa peke yake, imeunganishwa na laptopu tu. Fuata mpangilio huu, usiurukeruke. Kwanza badilisha anwani yake ya LAN isigongane na ya ruta kuu. Kama ruta kuu ni 192.168.100.1, ipe 192.168.100.2. Ingia tena kwa anwani mpya. Mwisho kabisa zima DHCP, yaani ile kazi yake ya kugawa anwani. Ukizima DHCP kwanza, laptopu itakosa anwani na utajifungia nje. Baada ya hapo, kebo ya ruta kuu iingie tundu la LAN, na la WAN ulizibe.

Inafanya kazi, halafu inakatika

Uliza inakatika saa ngapi. Wakati ni ushahidi.

Mchana wa jua kali, jioni inapona: swichi iko darini chini ya mabati. Swichi nyingi za nyumbani zimeundwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40 za selisiasi, na chini ya bati saa saba mchana joto linapita hapo. Ishushe chini, mahali penye hewa, isilaliwe na ruta juu yake.

Baada ya mvua: maji yameingia kwenye kebo ya nje. Kebo ya ndani haivumilii jua wala maji. Ganda lake linapasuka na maji yanasafiri ndani yake mpaka kwenye tundu la swichi. Kichwa kitakuwa na kutu ya kijani kwenye ncha za shaba. Ukikuta hivyo, kukifuta hakutoshi, badilisha kebo kwa ya nje. Inapoingia ukutani, iache ining'inie chini ya tundu kwanza kabla ya kupanda, ili maji yadondoke pale chini.

Umeme unapoyumba au kukatika: ruta iko kwenye yuipiesi (UPS) ndogo, yaani betri ya akiba, lakini swichi imechomekwa ukutani. Waifai inabaki, waya unakufa. Zile yuipiesi ndogo nyingi zina matundu ya volti 5, 9 na 12. Unaweza kulisha vyote viwili, ukichagua volti sahihi kwa kila kimoja.

Pampu ya maji au friji inapowaka: kebo ya mtandao imelazwa sambamba na waya wa umeme kwenye bomba moja. Zitenganishe, angalau sentimita 20 hadi 30, na zinapokutana zikatize kwa pembe mraba. Kama zimo ndani ya bomba moja ukutani, usichokonoe. Mwite fundi umeme azime njia hiyo kwanza.

Bila mpangilio wowote: panya. Kagua darini.

Kamera haiwaki kwenye swichi, au inazima giza likiingia

Kamera zinazolishwa umeme kwa kebo ya mtandao zinataka swichi ya PoE, yaani inayotuma umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao. Swichi ya kawaida haitoi umeme huo. Kama swichi ni ya PoE na kamera zilikuwa sawa mchana, zikaanza kuzima na kuwaka usiku, sababu ni taa za kuonea gizani: zikiwaka, kila kamera inavuta umeme zaidi na jumla inapita uwezo wa swichi. Soma jumla ya wati iliyoandikwa kwenye swichi, siyo ya tundu moja. Chomoa kamera moja usiku uone kama nyingine zitatulia. Zikitulia, unahitaji swichi yenye wati zaidi. Ikiwa inayosumbua ni ile ya mbali tu, shuku kebo ya alumini inayomeza volti njiani.

Tahadhari kubwa: kuna vifaa vinavyosukuma volti 24 kwenye kebo bila kuuliza upande wa pili ni nani. Kebo ya kifaa cha namna hiyo ikichomekwa kwenye runinga au laptopu inaweza kuiunguza. PoE ya viwango vya 802.3af na 802.3at huuliza kwanza, haidhuru kifaa kisichohitaji. Tafuta maandishi hayo kabla ya kununua.

Matundu kadhaa yamekufa kwa pamoja baada ya radi

Kando ya Ziwa Victoria na milima ya Kisii hili si jambo la ajabu. Kebo ndefu ya shaba inayopita nje, kutoka nyumba kubwa kwenda banda la nyuma au kwenye kamera ya geti, huokota umeme hata kama radi haikupiga nyumba yako. Unaingia kupitia tundu moja na kuua majirani zake, mara nyingine mpaka ruta.

Usiendelee kuhamisha vyombo kwenye matundu yaliyobaki ukijaribu lipi ni zima. Swichi iliyoguswa na radi inaweza kufanya kazi wiki mbili kisha ikafa, au ikaharibu kinachochomekwa. Ibadilishe. Kama na taa za nyumba au soketi zimeathirika, mwite fundi umeme akague ethi na nyaya kabla hujawasha chombo kingine chochote. Mawingu yakianza kunguruma usipande kwenye paa wala usishike kebo ya nje kuichomoa.

Kwa kebo inayotoka nyumba moja kwenda nyingine, ushauri wangu ni faiba pamoja na vigeuzi viwili vidogo vya kubadili mwanga kuwa mtandao wa waya. Kioo hakibebi umeme. Ila kebo nyingi za faiba za kuvuta angani zina waya wa chuma pembeni wa kuzishikilia. Mwambie fundi aukate na kuuacha nje ya ukuta, uingie ndani uzi wa faiba peke yake.